Jinsi ya Kumpata Mtaalamu wa Kutibu Tatizo la Haiba ya Kinarsisi Ukiwa Nakuru, Kisumu au Magharibi mwa Kenya

Maswali yanayonifikia kuhusu jambo hili yanafanana mno. Mkazi wa Kondele anauliza kama kuna daktari wa unarsisi, yaani hali ya kujiona mkubwa kupita kiasi na kutojali hisia za wengine, karibu naye. Mama wa Njoro anataka kujua ampeleke wapi mumewe. Kijana aliyefarakana na kila msimamizi aliyewahi kumfanyia kazi, na ambaye mchumba wake ameondoka juzi, anauliza kama mtu wa namna yake anatibika. Mwongozo huu unamjibu hasa huyo wa mwisho, yaani mtu anayeshuku kwamba tatizo liko kwake mwenyewe, au ambaye ameambiwa hivyo na daktari. Wake, waume na wazazi nimewatengea sehemu yao huko mbele.

Jibu la swali la kijana ni kwamba anaweza kusaidika, ingawa tiba ni ya muda mrefu na inahitaji uvumilivu wake. Lakini asipoteze miezi akimsaka mtaalamu ambaye kibao cha mlangoni kinataja unarsisi. Hapa kwetu hatampata kwa urahisi, wala hana haja naye. Anayemhitaji ni mtaalamu aliyesajiliwa, aliyefunzwa tiba ya mazungumzo, aliyewahi kuwatibu watu wenye matatizo ya haiba, na anayeweza kumwambia ukweli asioupenda bila kumdharau na bila kumwogopa. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kumpata mtu huyo.

Machache ya kujua kwanza

Tatizo la haiba ya kinarsisi, ambalo madaktari hulitaja kwa kifupi NPD, liliingizwa mwaka 1980 katika kitabu cha utambuzi cha Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani. Kitabu hicho kinaorodhesha dalili 9, na mtu huhesabiwa kuwa na tatizo hilo akiwa na 5 au zaidi, tena ziwe zimejitokeza tangu mwanzo wa utu uzima na katika sehemu nyingi za maisha yake, wala si kwa mkewe tu au kazini tu. Miongoni mwa dalili hizo ni kujiona mkubwa kupita kiasi, kiu ya kusifiwa, kuhisi kwamba anastahili kutendewa kwa namna ya pekee, kuwatumia wengine kwa manufaa yake, na kushindwa kutambua hisia zao. Si wote wanaojipiga kifua hadharani. Wapo wanaoonekana wapole na wenye haya, ilhali ndani wanajilinganisha na kila mtu na kuumia wiki nzima kwa neno moja la kukosolewa.

Hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu NPD yenyewe. Dawa hutolewa kwa mambo yanayoandamana nayo, kama vile sonona au wasiwasi, na tiba kuu ni mazungumzo. Utasikia majina ya aina mbalimbali za tiba hiyo: ile ya skima, yaani mazoea ya fikra na hisia yaliyojengeka tangu utotoni, iliyoanzishwa na Jeffrey Young, ile iliyokuzwa na Otto Kernberg ambayo huchunguza kwa makini yanayotokea kati ya mgonjwa na mtaalamu ndani ya chumba, na ile ya Anthony Bateman na Peter Fonagy inayomfunza mtu kutambua yaliyo moyoni mwake na mwa wenzake. Huhitaji kuzikariri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi moja uliyoandika kwa mkono wako mwenyewe, inayoeleza kinachokuleta. Nitaifafanua katika hatua ya 2.
- Hesabu ya fedha ya angalau miezi sita. Tiba hii kwa kawaida hufanyika mara moja kwa wiki au zaidi, kwa hiyo chukua ada ya kikao kimoja, izidishe mara nne kupata ya mwezi, kisha ongeza nauli. Ikiwa hesabu hiyo inagusa karo ya watoto, tafuta mapema nafasi katika hospitali ya umma, maana kukatiza tiba katikati kunaumiza kuliko kuchelewa kuianza.
- Saa moja isiyobadilika kila wiki, ambayo hutaitoa kwa mkutano, mazishi ya jirani wala safari ya kwenda nyumbani isipokuwa kwa dharura ya kweli.
- Kumbukumbu za matibabu yako ya awali, zikiwemo dawa unazotumia na majeraha ya kichwa uliyowahi kupata.
- Mtu mmoja anayekujua kwa miaka mingi na asiyekuogopa, ambaye atakubali kuzungumza na mtaalamu akiombwa, kwa idhini yako.

Hatua ya 1: Hakikisha hakuna dharura wala ugonjwa mwingine

Watu wenye tatizo hili mara nyingi huanza kutafuta msaada baada ya anguko: kufutwa kazi, kuachwa, kufilisika, au kuaibishwa mbele za watu. Wakati huo hatari ya kujidhuru huwa kubwa, hata kwa mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa akijisifu. Ikiwa unafikiria kujiua, acha kusoma mwongozo huu, mwambie mtu aliye karibu nawe, nenda katika idara ya dharura ya hospitali iliyo jirani, au piga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo hailipishwi. Kutafuta mtaalamu wa muda mrefu kutaendelea baadaye.

Kisha, ona daktari akukague. Mtu aliye katika kipindi cha juu cha ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka mno, anaweza kujiona mkuu wa dunia, akatumia fedha ovyo na kulala saa mbili tu bila kuchoka. Lakini hali hiyo huja na kuondoka, na ina dawa. Pombe na utafunaji wa miraa usiokoma hubadilisha tabia pia. Zaidi ya hayo, ikiwa familia yako inasema kwamba ulikuwa mtu mwingine kabisa kabla ya ajali ya bodaboda iliyokupiga paji la uso, lieleze hilo waziwazi, kwa kuwa jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo linaweza kumbadilisha mtu mzima akawa mkali, asiyejali na asiye na subira. NPD haianzi ghafla katika umri wa miaka 45.

Hatua ya 2: Andika kinachokuleta, kwa maneno ya kawaida

Usiandike "mimi ni narsisi". Neno hilo halimwambii mtaalamu lolote juu ya maisha yako, na limetumiwa kama tusi kiasi kwamba litakufunga mdomo wewe mwenyewe. Andika mambo yaliyotokea. Kwa mfano: "Nimebadilisha kazi mara nne, na kila mahali niliondoka kwa ugomvi na mkubwa wangu. Mke wangu akilia, mimi hukasirika badala ya kumhurumia, na sijui kwa nini. Rafiki akipandishwa cheo, sipokei simu zake kwa majuma. Usiku nahisi kwamba siku moja watu watagundua kuwa sina lolote."

Karatasi ya namna hiyo ina thamani kuliko majibu ya jaribio lolote la mtandaoni. Majaribio hayo hayathibitishi ugonjwa; anayeweza kufanya utambuzi ni mtaalamu aliyefunzwa, baada ya mahojiano ya kina ambayo mara nyingi huchukua zaidi ya kikao kimoja.

Iweke karatasi hiyo mahali salama. Siku utakayotaka kuacha tiba, na siku hiyo itafika, utaihitaji.

Hatua ya 3: Tambua nani anafanya nini

Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, anaweza kutambua ugonjwa na kuandika dawa, lakini katika hospitali zetu foleni huwa ndefu na dakika anazokupa huwa chache. Si wote wanaotoa tiba ya mazungumzo ya kila wiki. Mwanasaikolojia wa kitabibu haandiki dawa, ila ndiye mara nyingi mwenye mafunzo ya kupima haiba na kuitibu kwa mazungumzo. Mshauri nasaha ana mafunzo yanayotofautiana sana, kuanzia stashahada hadi uzamifu; wapo walio hodari mno, na wapo ambao wamejifunza masuala ya ndoa na misiba tu. Wauguzi na maafisa wa kliniki waliobobea katika afya ya akili ni mlango mzuri wa kuingilia, hasa ukiwa mbali na mji, kwa kuwa wanajua ni nani wa kukuelekeza kwake.

Pasta, imamu au mzee wa ukoo anaweza kukutia moyo na kukuombea, na sina neno dhidi ya hilo. Hata hivyo, usimfanye badala ya tiba. Mtu mwenye tatizo hili huwa stadi wa kuungama kwa ufasaha mbele ya mchungaji, akasifiwa kwa unyenyekevu wake, na kurudi nyumbani akiwa vile vile.

Hatua ya 4: Kusanya majina matatu au manne

Anzia hospitali kubwa za umma, hata kama unanuia kutibiwa kwingine. Kwa Kisumu ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi huiita Russia. Kwa Nakuru ni hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wengi bado huijua kama PGH, kifupi cha Kiingereza cha hospitali kuu ya mkoa. Kwa Kakamega ni hospitali kuu ya kaunti. Na kwa Eldoret ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ulizia kliniki ya afya ya akili, siku zake, na kama kuna mwanasaikolojia anayepokea wagonjwa kwa vikao vya kila wiki. Swali la mwisho ndilo muhimu. Usipoliuliza utapewa tarehe ya kumwona daktari baada ya miezi miwili na kuishia hapo.

Chanzo cha pili ni vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia na ushauri: Maseno, Egerton kule Njoro, Moi, na Masinde Muliro. Uliza katika idara kama kuna mhadhiri anayepokea wateja au anayeweza kukutajia aliyemfunza. Chanzo cha tatu ni Chama cha Ushauri na Saikolojia cha Kenya, na cha nne ni mwajiri wako au kampuni yako ya bima.

Ukikosa kabisa karibu nawe, tafuta mtaalamu wa Nairobi anayefanya vikao kwa video. Hilo linakubalika, mradi utimize masharti mawili. La kwanza ni kwamba utambuzi wa ugonjwa ufanywe ana kwa ana angalau mara moja, kama inawezekana. La pili ni faragha: nyumba yenye vyumba viwili, watoto wakifanya kazi za shule mezani na shemeji akitazama televisheni, haifai. Wapo wanaokwenda ofisini saa moja kabla ya wenzao, au wanaoegesha gari mahali tulivu, wakatia visikilizi masikioni na kuegemeza simu kwenye usukani. Hakikisha pia kwamba bando inatosha, kwa sababu mawasiliano yakikatika wakati unapozungumzia jambo la aibu, utapata kisingizio cha kutolirudia.

Angalizo juu ya miji yetu: Kisumu na Nakuru ni miji mikubwa, lakini watu wanajuana. Mtaalamu anayesali nawe, aliyesoma na dada yako au anayemtibu mkeo hakufai, hata awe bora namna gani. Fikiria lugha pia. Ikiwa hugombana na kulia kwa Kijaluo, Kikalenjin, Kiluhya au Kikuyu, mtaalamu anayeijua lugha hiyo atasikia mambo ambayo Kiingereza chako cha ofisini kitayaficha.

Hatua ya 5: Thibitisha usajili

Usione haya katika hili. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na jina la daktari mwenye leseni unaweza kulitafuta katika tovuti ya baraza hilo. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi, na maafisa wa kliniki wana baraza lao. Wanasaikolojia na washauri wana sheria yao ya mwaka 2014, inayounda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia. Omba nambari ya usajili, kisha iulizie kwa taasisi iliyoitoa. Ukifika ofisini, soma cheti kilicho ukutani: tazama jina, kisha tazama mwaka. Cheti cha semina ya siku tatu hotelini, hata kikiwa na fremu ya dhahabu, si leseni.

Mtu anayekasirika kwa kuulizwa nambari ya usajili amekwisha kukujibu.

Hatua ya 6: Piga simu au tuma ujumbe

Ujumbe mfupi unatosha. Unaweza kuandika hivi:

"Habari ya mchana, Daktari. Nina umri wa miaka 34 na ninaishi Kisumu. Natafuta tiba ya mazungumzo ya muda mrefu kwa sababu nimekuwa na mgogoro ule ule na watu, nyumbani na kazini, kwa miaka mingi, na ninashuku kwamba chanzo kimo katika haiba yangu. Je, umewahi kuwatibu watu wenye matatizo ya haiba? Unatoza kiasi gani kwa kikao, na una nafasi ya kila wiki?"

Akikujibu, mwulize mambo manne mengine: amefunzwa aina gani ya tiba na wapi, kama naye ana msimamizi wa kitaaluma ambaye hujadiliana naye kesi ngumu, huwa anafanya nini mgonjwa akimkasirikia au akitaka kuacha, na matarajio yake ni muda gani. Swali la msimamizi ni la maana kupita yote. Tiba ya watu wenye tatizo hili huwachosha wataalamu, ambao hujikuta ama wakimwogopa mgonjwa, ama wakimsifu ili wapate amani, ama wakimchoka na kumkata kwa maneno. Anayepata usimamizi hugundua mapema kwamba ameanza kuyumba.

Jihadhari na anayeahidi kukuponya kwa vikao sita. Jihadhari vile vile na anayesema kwamba watu wa aina hii hawatibiki. Mpishe, atafute wateja wengine.

Hatua ya 7: Kikao cha kwanza na makubaliano

Kikao huchukua kati ya dakika 45 na 60. Mpe mtaalamu karatasi yako aisome. Atakuuliza kuhusu utoto wako, wazazi, shule, mapenzi, kazi, pombe, na mawazo ya kujidhuru. Jibu bila kupamba.

Kabla hujaondoka, hakikisheni mmekubaliana, ikiwezekana kwa maandishi, juu ya siku na saa, ada na namna ya kuilipa, kinachofuata usipofika bila taarifa, na lengo la miezi mitatu ya kwanza. Lengo liwe jambo linaloonekana, kama vile "nimsikilize mke wangu hadi amalize sentensi zake", wala lisiwe "niwe mtu bora". Uliza pia mipaka ya siri. Taarifa za afya yako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini mtaalamu anaweza kulazimika kusema ikiwa maisha yako au ya mwingine yako hatarini, ikiwa mtoto anadhulumiwa, au akiamriwa na mahakama.

Hatua ya 8: Baki hadi uudhike, kisha ubaki tena

Hapa ndipo wengi wanapotoka, na ndiyo sababu nitakaa hapa kidogo.

Vikao vya mwanzo huenda vizuri. Unaeleza maisha yako, mtaalamu anasikiliza, nawe unawaambia rafiki zako kwamba umempata mtu mwenye akili. Halafu, siku moja, unasimulia jinsi ulivyomweka mdogo wako mahali pake mbele ya wazazi, na mtaalamu anauliza polepole, "Na uso wake ulikuwaje ulipomwambia hivyo?" Unagundua kwamba huukumbuki uso wake. Kifua kinapata joto. Unatazama saa ya ukutani, unaona mtaalamu naye ameitazama, na papo hapo unakata kauli kwamba mtu huyu hana heshima, kwamba shahada yake ni ya chuo hafifu, na kwamba viatu vyake vimechakaa. Kufikia kituo cha matatu umeshatunga ujumbe wa kumwambia kwamba hutarudi.

Usiutume. Rudi wiki inayofuata na useme: "Juma lililopita uliponiuliza kuhusu ndugu yangu nilihisi umenidharau, na nilitaka kuacha." Sentensi hiyo ni kazi kubwa ya tiba kuliko vikao vyote vilivyotangulia, kwa kuwa kile kinachotokea kati yako na mtaalamu ndicho kinachotokea kati yako na mkeo, mkubwa wako na ndugu yako; tofauti ni kwamba huyu amefunzwa kutokukimbia na kutokulipiza. Mtaalamu mzuri hatajitetea wala kukuomba radhi kumi. Atataka kujua zaidi.

Tofautisha hilo na kosa la kweli. Mtaalamu anayekutukana, anayekusimulia siri za wateja wengine, anayekukopa fedha, anayekutaka kimapenzi, au anayetumia kikao chako kuzungumzia matatizo yake, huyo ni wa kuacha siku hiyo hiyo na kuripotiwa kwa baraza au bodi yake.

Makosa yanayorudiwa mara kwa mara

Kosa kubwa ni kumchagua mtaalamu anayekuvika kilemba cha ukoka. Ukitoka katika kila kikao ukijihisi mshindi, na wote waliokukosea wamepatikana na hatia, unalipia sifa. Kosa linalofuatia ni kuzunguka: watu hubadilisha wataalamu watano kwa mwaka mmoja, kila mmoja akisimuliwa upya hadithi ya utoto, na hakuna aliyefika mahali panapouma. Wengine husoma mno kuhusu ugonjwa huo, kisha huenda kwenye tiba kujadili nadharia kama wahadhiri wawili, na kikao kinakwisha bila machozi wala hasira. Wapo pia wanaokwenda ili kumrudisha mke aliyeondoka; mke akirudi tiba inakoma, na asiporudi tiba inakoma vile vile. Kuanza kwa sababu ya mke si vibaya, ila mwambie mtaalamu hivyo tangu siku ya kwanza.

Na usimwambie kila mtu ofisini. Mwambie yule mmoja anayekujua.

Ikiwa unamtafutia mumeo, mkeo au mtoto wako

Naelewa uchovu wako, na sitakuambia uvumilie. Huwezi kumtibu mtu kwa kumkabidhi jina la ugonjwa. Kumwita narsisi katikati ya ugomvi kutamfunga zaidi. Kinachoweza kumgusa ni maumivu yake mwenyewe: kukosa usingizi, pombe, upweke, kazi iliyopotea. Mwambie, "Naona hulali tangu mambo ya kazini yaharibike, je, ungependa kumwona daktari?" Daktari atafika kwenye mengine.

Usitumie polisi wala sheria ya afya ya akili kumlazimisha alazwe kwa sababu ya majivuno na ukatili wa maneno. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili hiyo. Ikiwa kuna kipigo, vitisho au woga, ushauri wa wanandoa kwa pamoja haufai kwa sasa, kwa kuwa utakayoyasema mbele ya mtaalamu yanaweza kukugharimu mkifika nyumbani. Piga simu 1195, nambari ya taifa ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma ya kijinsia. Kuna pia Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, inayokuwezesha kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Jitafutie wewe mwenyewe mtaalamu, asiwe yule anayemtibu mwenzako.

Mambo yakikwama

*Hakuna mwenye uzoefu wa matatizo ya haiba karibu nami.* Chukua mshauri aliyesajiliwa, mwenye msimamizi na aliye tayari kujifunza, na umwombe awasiliane na mtaalamu wa hospitali ya rufaa kuhusu kesi yako kwa idhini yako. Mtu mwaminifu anayesema "sijawahi, lakini nitaongozwa na aliyewahi" ni bora kuliko mjuzi wa kujitangaza.

*Fedha zimeisha.* Sema kabla ya deni kulimbikizana. Omba ada ipunguzwe au vikao viwe vya kila wiki mbili kwa muda, badala ya kutoweka. Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na bima za kazini, uliza kituo chenyewe kama kimesajiliwa na kama vikao vya mazungumzo vinalipiwa au ni kulazwa na dawa tu, na uombe jibu kwa maandishi.

*Daktari amesema sina NPD.* Omba akueleze alichokiona badala yake. Huenda ni sonona, madhara ya mambo uliyotendewa utotoni, au tabia za kinarsisi zisizofikia kiwango cha ugonjwa. Mgogoro wako na watu bado ni wa kweli na tiba ya mazungumzo bado inakufaa.

*Miezi mitatu imepita na sioni badiliko.* Miezi mitatu ni michache. Hata hivyo, chukueni lile lengo mliloandika na mliangalie pamoja. Mwulize pia yule mtu anayekujua kwa miaka mingi, kwa sababu badiliko mara nyingi huonekana kwanza na wanaokuzunguka: unaomba radhi bila kuongeza "lakini", unasubiri zamu yako ya kusema. Ikiwa kufikia miezi sita hakuna lolote, na mmelizungumza waziwazi, omba mtaalamu akupeleke kwa mwingine.

*Nimejisikia vibaya zaidi tangu nianze.* Hilo hutokea, maana majivuno yakipungua, aibu iliyokuwa chini yake hujitokeza. Mwambie mtaalamu siku hiyo hiyo, usingoje kikao kijacho. Usingizi ukipotea, ukishindwa kula, au mawazo ya kujidhuru yakianza, rudi hatua ya 1 na umwone daktari, kwa kuwa sonona inatibika sambamba na tiba hii.

*Nahamishwa kikazi.* Mwambie mtaalamu angalau mwezi mmoja kabla. Tumieni wiki hizo kuagana, kwa kuwa mtu mwenye tatizo hili huzoea kuondoka kwa ghafla au kwa ugomvi. Mwombe barua ya rufaa inayoeleza utambuzi, aina ya tiba, mlipofikia na yale yaliyowakwamisha. Piga simu ya kwanza kwa mtaalamu mpya ukiwa bado na yule wa zamani, ili juma la kwanza huko uendako uwe tayari na saa yako.